Waliokaa Mno, Waliopita Upesi na Waliokosa Kura Moja

Tarehe 2 Juni 2024 zilihesabiwa kura za jimbo la Sikkim, na Pawan Kumar Chamling, mtu aliyekalia kiti cha Waziri Kiongozi kwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote katika historia ya India, akapigwa chini katika maeneo bunge yote mawili aliyogombea. Siku mbili baadaye zikahesabiwa za Odisha. Huko Naveen Patnaik alibakiza miezi miwili na siku chache tu ofisini ili aipite rekodi ya Chamling. Naye akaangushwa. Mwenye rekodi na mwenye kuiwinda waling'oka ndani ya siku tatu.

Kwa msomaji wa Zanzibar cheo cha Waziri Kiongozi si kigeni. Visiwani kilikuwepo hadi 2010. Kule India ndicho cheo cha mkuu wa serikali ya jimbo: polisi ni wake, ardhi ni yake, shule na hospitali ziko chini yake. Yupo pia gavana anayeteuliwa na Delhi, kwa shughuli za heshima zaidi kuliko za utawala, ingawa tutakutana na mmoja aliyelisahau hilo usiku mmoja. Majimbo yako 28, na Uttar Pradesh peke yake ina watu zaidi ya milioni 200, yaani Kenya na Tanzania zikiunganishwa haziifikii. Ndiyo maana anayetafuta rekodi za siasa za India asianzie Delhi. Ziko majimboni, kwa watu ambao wengi wetu huku hatujawahi kuwasikia, na nyingi zimetokana na mtu kuganda mahali pamoja mpaka akawa sehemu ya mtaa.

Miaka 24 na ushei

Chamling alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Yangang, kusini mwa Sikkim, jimbo dogo la milimani lenye watu laki sita hivi, lililobanwa kati ya Nepal, Bhutan na Tibet. Mwaka 1993 alianzisha chama chake, Sikkim Democratic Front, na tarehe 12 Desemba 1994 akala kiapo. Hakuondoka hadi Mei 2019. Alishinda chaguzi tano mfululizo, na katika ule wa 2009 chama chake kilizoa viti vyote 32 vya bunge la jimbo. Upinzani haukubaki na mtu hata wa kupiga meza. Nje ya Sikkim alijulikana zaidi kwa jambo la shambani. Alipiga vita mbolea na dawa za viwandani hadi Januari 2016, jimbo lake lilipotangazwa kuwa la kwanza nchini ambalo kilimo chake chote ni cha asili.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2019 Prem Singh Tamang, ambaye zamani alikuwa waziri wake mwenyewe, alimshinda kwa viti 17 dhidi ya 15. Miaka mitano baadaye Tamang akachukua viti 31 kati ya 32, na mzee Chamling, ambaye alikuwa bungeni tangu 1985, akabaki nje kabisa.

Patnaik ni kisa kingine, na kwangu mimi ndiye wa ajabu kuliko wote watakaotajwa hapa. Baba yake, Biju Patnaik, alikuwa rubani. Mwaka 1947, Waholanzi walipokuwa wakiibana Indonesia, alimtoa kwa ndege aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, Sutan Sjahrir, na baadaye akaja kuwa Waziri Kiongozi wa Odisha. Mtoto hakuonyesha dalili ya kumfuata. Aliishi Delhi maisha ya watu wa vitabu na sanaa, akaandika kuhusu maisha ya kasri za kifalme na kuhusu mimea ya tiba. Baba alipofariki mwaka 1997, mwana akiwa na miaka 50, ndipo alipoitwa kuurithi uwanja. Kiodia, lugha ya jimbo lenyewe, hakikumkaa mdomoni. Alipanda majukwaani na hotuba za Kiodia zilizoandikwa kwa herufi za Kilatini, akazisoma polepole kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa, na watu wakampa kura. Aliapishwa tarehe 5 Machi 2000. Wakampa tena 2004, 2009, 2014 na 2019.

Kilichomweka ni vimbunga. Oktoba 1999, kabla hajashika madaraka, kimbunga kikubwa kilipiga pwani ya Odisha na kuua watu karibu 10,000. Serikali yake ikatumia miaka iliyofuata kujenga majengo ya kukimbilia, kuweka njia za kuwaonya watu na kuwafundisha vijana wa vijijini jinsi ya kuhamisha wazee na mifugo. Kimbunga Phailin kilipokuja Oktoba 2013, karibu watu milioni moja walihamishwa kabla hakijatua, na waliokufa walihesabika kwa makumi. Mwanasiasa anayeweza kusema hivyo mbele ya mama mwenye nyumba ya makuti pwani hana haja ya lafudhi nzuri.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kufikia 2024 afya yake ilikuwa ikisemwasemwa, na mtu aliyeonekana kushika usukani ni V. K. Pandian, ofisa wa serikali aliyeacha kazi na kujiunga na chama, mzaliwa wa Tamil Nadu. Wapinzani wake wa BJP, chama kinachotawala Delhi, wakalishika hilo: je, Waodia wataongozwa na mtu wa kuja? Hoja hiyo haikuwa ya haki sana, lakini ilipenya. BJP ikapata viti 78 kati ya 147, chama cha Patnaik 51. Yeye mwenyewe aligombea mahali pawili. Kule Hinjili aliponea kwa shida, na kule Kantabanji akapitwa kwa kura zaidi ya 16,000. Miaka 24 na miezi mitatu ikakoma hapo.

Wa tatu katika orodha ya waliodumu ni Jyoti Basu wa West Bengal, mkomunisti aliyesomea sheria London, aliyetawala kuanzia Juni 1977 hadi Novemba 2000. Mwaka 1996 vyama kadhaa vilimwomba awe waziri mkuu wa India yote. Chama chake kikakataa, na Basu akakitii, ingawa baadaye alisema waziwazi kwamba lile lilikuwa kosa la kihistoria. Kati ya hawa watatu ni yeye pekee aliyeng'atuka kwa hiari, afya yake ilipoanza kuzorota, akamwachia kiti Buddhadeb Bhattacharjee. Alipofariki Januari 2010 mwili wake haukuchomwa; aliutoa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari. Muungano wake wa vyama vya kushoto uliendelea hadi 2011, jumla ya miaka 34 ya ushindi bila kukatika, na kwa wakomunisti waliowekwa madarakani na sanduku la kura hilo halina mfano duniani.

Wilaya moja, wababe wawili

Ukuu wa jimbo hutegemea chama kizima. Ukitaka kupima nguvu za mtu mwenyewe, angalia kiti chake cha ubunge, na hapo twende Kottayam, Kerala, wilaya ya mashamba ya mpira na makanisa ya kale. Humo humo, umbali wa safari fupi ya basi, waliishi wanaume wawili ambao jimbo zima halijapata mfano wao.

Wa kwanza, K. M. Mani wa Pala. Alishinda uchaguzi wa 1965, ambao bunge lake halikukutana hata siku moja kwa sababu hakuna chama kilichopata wingi wa kutosha, na akashinda kila uchaguzi uliofuata hadi 2016. Mara 13, eneo bunge lile lile, bila kushindwa hata mara moja. Katika Kerala ndiye pia aliyesoma bajeti nyingi kuliko waziri mwingine yeyote wa fedha: 13. Ile ya mwisho, tarehe 13 Machi 2015, inastahili kuangaliwa kwa karibu. Alikuwa anatuhumiwa kupokea rushwa kutoka kwa wenye baa, na wapinzani walikuwa wameapa kwamba hataisoma. Wabunge wakapanda jukwaa la Spika, wakang'oa vipaza sauti na kompyuta, wakakitupa chini kiti cha Spika. Katikati ya vurugu hizo Mani, mzee wa miaka 82, akiwa amezungukwa na watu wa upande wake, akatoa karatasi na kusoma kiasi cha kutosha ili bajeti ihesabike imesomwa. Wenzake wakagawana peremende. Novemba ya mwaka huo alijiuzulu, lakini mwaka uliofuata watu wa Pala wakamrudisha bungeni. Alifariki Aprili 2019.

Wa pili ni Oommen Chandy wa Puthuppally. Aliingia bungeni mwaka 1970 kijana wa miaka 26, akashinda mara 12 mfululizo hapo hapo, na Agosti 2022 akampita Mani kwa idadi ya siku alizokuwa mbunge. Akatawala Kerala mara mbili, 2004 hadi 2006 na 2011 hadi 2016. Ukimwona pichani ungedhani ni mwalimu aliyechelewa kazini: shati limejikunja, nywele hazijapata kitana, na amezingirwa na watu. Kila mwisho wa wiki, hata akiwa Waziri Kiongozi, alirudi Puthuppally, akasali kanisani kwao na kuketi na watu wa kijiji nyumbani kwake.

Rekodi ambayo mimi ningempa ni ya subira. Alianzisha mikutano aliyoizungusha wilaya zote 14 za jimbo. Uwanja wa mji unafungwa maturubai, na foleni imeanza kabla ya jua. Wapo wajane wenye bahasha za karatasi zilizochakaa kwa kukunjwa, wapo wagonjwa walioletwa na gari la wagonjwa na kushushwa na machela, wapo walemavu ambao kadi zao zimekwama kwenye ofisi fulani kwa miaka. Chandy hakai juu ya jukwaa kungoja kuletewa. Anasogea kwao, anaichukua barua, anaisoma, anauliza swali moja au mawili, anaandika pembeni kiasi cha fedha au jina la ofisa wa kulishughulikia, anasaini. Anayefuata. Inafika usiku, taa zinawashwa, bado amesimama. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliipa kazi hiyo tuzo ya utumishi wa umma.

Wapinzani wake walisema hiyo ni kazi ya karani wa kijiji, si ya mkuu wa jimbo, na mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: walikuwa na hoja. Serikali ambayo raia lazima amwone mkubwa kuliko wote ili apate kadi ya mgao wa mchele ina kasoro mahali. Ila jaribu kumweleza hivyo aliyetoka uwanjani na saini yake mkononi. Chandy alipofariki Julai 2023, gari lililobeba mwili wake kutoka mji mkuu wa jimbo, Thiruvananthapuram, hadi Kottayam, safari ya kilomita 150 hivi, lilitumia zaidi ya siku nzima barabarani, kwa sababu watu walikuwa wamejaa njia nzima, usiku, kwenye mvua. Septemba mwanawe akagombea kiti kile na kushinda kwa zaidi ya kura 37,000.

Jirani yao wa Tamil Nadu, M. Karunanidhi, naye alishinda mara 13 bila kushindwa, kuanzia 1957 hadi 2016, lakini kwa mtindo wa kuhamahama: Kulithalai, Thanjavur, Saidapet, na kuendelea hadi Thiruvarur kwao. Alikuwa mwandishi wa filamu kabla ya kuwa Waziri Kiongozi mara tano, na aliongoza chama cha DMK kuanzia 1969 hadi alipofariki Agosti 2018. Karata yake ya hatari zaidi ilikuwa 1991. Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, alikuwa ameuawa katika jimbo hilo hilo, hasira ya watu ikakiangukia DMK, na chama kikafagiliwa karibu chote. Karunanidhi alivuka kwa kura 890.

Na kule Maharashtra yupo Ganpatrao Deshmukh, mtu wa chama kidogo cha wakulima na wafanyakazi, aliyechaguliwa mara 11 na watu wa Sangola, nchi kavu yenye ukame wa kila mara. Mara mbili walimwangusha, mara mbili wakamrudisha. Alifariki Julai 2021, akiwa amepita miaka 90.

Siku mbili Lucknow

Sasa tugeukie waliopita mbio, na hapa hakuna wa kumfikia Jagdambika Pal.

Usiku wa tarehe 21 Februari 1998, gavana wa Uttar Pradesh, Romesh Bhandari, alimfukuza kazi Waziri Kiongozi Kalyan Singh baada ya baadhi ya washirika wake kujitoa serikalini. Hakumpa nafasi ya kuthibitisha wingi wake bungeni. Saa nne na nusu usiku huo huo akamwapisha Pal, aliyekuwa waziri katika serikali ile ile. Kule Delhi, Atal Bihari Vajpayee, kiongozi wa BJP, akaanza mgomo wa kula. Tarehe 23 Mahakama Kuu ya Allahabad ikatamka kwamba Kalyan Singh hajawahi kuondolewa kihalali. Pal alikuwa ameshaketi ofisini, na kwa saa kadhaa Lucknow, mji mkuu wa jimbo, ilikuwa na mawaziri viongozi wawili, kila mmoja akidai mwenzake ni mgeni.

Mahakama ya Juu ndiyo iliyotafuta dawa, na dawa yenyewe haikuwa na mfano: wote wawili waingie bungeni tarehe 26, wakae mmoja upande huu wa Spika na mwingine upande ule, kamera zikirekodi, na wabunge wapige kura ya kumchagua mmoja. Kalyan Singh akapata 225, Pal 196. Katika vitabu vya jimbo jina la Pal halihesabiwi hata miongoni mwa waliotawala. Mwenyewe hakufa moyo. Baadaye akawa mbunge wa Domariyaganj katika bunge la taifa, kisha akahamia BJP, chama cha Kalyan Singh.

Devendra Fadnavis wa Maharashtra alijaribu mbio zake alfajiri. Tarehe 23 Novemba 2019 wakazi wa Mumbai waliamka na kukuta ameshaapishwa, sherehe imekwisha kabla chai haijachemka, kwa sababu Ajit Pawar wa chama pinzani alikuwa amemhakikishia wabunge wake. Wabunge wakarudi kwao. Siku ya nne Fadnavis akajiuzulu. Kule Bihar, mwaka 1968, Satish Prasad Singh alikaa siku tano, akiwashikia wenzake kiti mpaka B. P. Mandal apate sifa za kukikalia.

Bihar hiyo hiyo ndiyo kwao Nitish Kumar, na huyu amewashinda wote kwa kula kiapo. Mara yake ya kwanza, Machi 2000, alidumu siku saba. Tangu hapo amekwenda na BJP, akaiacha, akarudi, akaiacha tena, akarudi tena, na Novemba 2025 akaapishwa kwa mara ya 10.

Tanzania tuliwahi kuona wabunge wakihama vyama kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi. Wangemwona Gaya Lal wangejiona wanafunzi. Mwaka 1967, katika bunge la Haryana, alibadilisha chama mara tatu ndani ya wiki mbili, na jina lake likawa kejeli ya nchi nzima kwa kila mwanasiasa asiye na msimamo. Bhajan Lal wa jimbo hilo hilo akaja kumzidi kwa wingi: Januari 1980, Indira Gandhi aliporudi madarakani Delhi, alihama na serikali nzima, mawaziri na wabunge, kutoka chama cha Janata hadi Congress ya Indira, akaamka kesho yake bado ni Waziri Kiongozi. Sheria ya kuwavua ubunge wanaohama ilipitishwa mwaka 1985. Nitish na wenzake wamekwisha onyesha kwamba haikuziba matundu yote.

Kijana na mzee ni mtu mmoja

Punjab iliwahi kuwa na Waziri Kiongozi wake kijana kuliko wote na mzee kuliko wote, na ni mtu mmoja: Parkash Singh Badal. Alianza kama mkuu wa kijiji chake mwaka 1947. Mwaka 1967 alikosa ubunge kwa kura 57, na mwaka 1970, akiwa na miaka 42, akaliongoza jimbo. Alipomaliza kipindi chake cha tano mwaka 2017 alikuwa na miaka 89. Angeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini 2022, na miaka 94 mgongoni, akasimama tena Lambi, akashindwa kwa zaidi ya kura 11,000 na mtu ambaye kwa umri angekuwa mwanawe. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa vijana wa nchi nzima, M. O. H. Farook alikuwa na miaka 29 alipoanza kuongoza Pondicherry mwaka 1967, ingawa lile ni eneo dogo linaloangaliwa na Delhi. Katika majimbo kamili kinachokumbukwa zaidi ni kisa cha Prafulla Kumar Mahanta wa Assam, kiongozi wa wanafunzi aliyetoka mabwenini mwa Chuo Kikuu cha Gauhati hadi ofisi ya Waziri Kiongozi Desemba 1985, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 33.

Upande wa wanawake, wa kwanza ni Sucheta Kripalani, Uttar Pradesh, Oktoba 1963, na aliyekaa muda mrefu zaidi bila kukatizwa ni Sheila Dikshit wa Delhi, miaka 15 hadi 2013, alipoangushwa katika kiti chake mwenyewe na Arvind Kejriwal. Kejriwal naye aliangushwa kwenye kiti hicho hicho Februari 2025.

Na kama kungekuwa na tuzo ya kushinda ukiwa mbali, angeichukua M. G. Ramachandran, nyota wa filamu aliyeongoza Tamil Nadu kuanzia 1977. Uchaguzi wa Desemba 1984 ulimkuta kalazwa hospitali Brooklyn, New York. Fomu zake zilijazwa huko huko, video ya mgonjwa akiwa kitandani ikazungushwa vijijini, naye akashinda Andipatti na jimbo zima bila kukanyaga uwanja mmoja wa kampeni.

Katika mali, fomu ya Manik Sarkar, aliyeongoza Tripura miaka 20, ndiyo inayosomwa hadi leo. Mwaka 2018 alitangaza kuwa na rupia 1,520 mfukoni na 2,410 benki. Mshahara wake alikuwa akikikabidhi chama, nacho kikimpa posho. Chandrababu Naidu wa Andhra Pradesh, mwishoni mwa 2024, alitajwa kuwa na mali ya rupia zaidi ya bilioni 9. Naidu alikuwa amerudi madarakani mwaka huo. Sarkar, katika uchaguzi ule ule wa fomu yake maarufu, chama chake kiliangushwa.

Kura moja, na kura elfu

Anayesema kura yake haina maana asimulieni ya Nathdwara. Desemba 2008, C. P. Joshi alikuwa mwenyekiti wa Congress wa jimbo la Rajasthan, na chama chake kilikuwa kinaelekea kushinda; wengi walimtaja kuwa Waziri Kiongozi ajaye. Katika eneo bunge lake alipata kura 62,215. Mpinzani wake, Kalyan Singh Chauhan, alipata 62,216. Magazeti yaliandika kwamba baadhi ya watu wa nyumbani kwake Joshi hawakwenda kupiga kura siku hiyo. Cheo kikaenda kwa Ashok Gehlot.

Miaka minne kabla, kule Santhemarahalli, Karnataka, A. R. Krishnamurthy alikuwa ameshaonja machungu hayo: 40,751 dhidi ya 40,752 za R. Dhruvanarayana. Ikasemwa kwamba dereva wake aliomba ruhusa aende kupiga kura, na bosi, mwenye haraka zake za kampeni, akamnyima. Kwa upande wa pili wa mizani yupo Sunil Sharma wa Sahibabad, Uttar Pradesh, ambaye mwaka 2022 alimwacha mpinzani wake kwa kura 214,835. Eneo bunge lile lina wapiga kura zaidi ya milioni moja, kwa hiyo hata ushindi wake tuupunguze kidogo.

Ya kuchekesha kuliko zote ilikuwa Modakurichi, Tamil Nadu, mwaka 1996. Wakulima wa huko, waliochoka kupuuzwa, waligundua kwamba dhamana ya kugombea ni rupia 250 tu, wakachukua fomu. Wote. Majina yakafika 1,033. Tume ya Uchaguzi ikalazimika kuusogeza uchaguzi mbele ili ichapishe kura iliyokuwa kitabu, na kutafuta masanduku yenye mdomo wa kuimeza. Fikiria bibi kizee kibandani na kitabu hicho mkononi, akifunua kurasa kutafuta alama ya chama chake. Wagombea 88 hawakupata hata kura moja, maana yake hata wao wenyewe hawakujipigia. Aliyeshinda ni Subbulakshmi Jagadeesan wa DMK, kama ambavyo angeshinda hata bila kitabu. Dhamana ikapandishwa hadi rupia 5,000, na baadaye 10,000, na mzaha huo haujarudiwa kwa ukubwa ule.

Haukurudiwa na umati kama ule, lakini mtu mmoja hakuacha. Si mbali na huko, mjini Mettur, K. Padmarajan ana karakana ya kuziba matairi. Aligombea kwa mara ya kwanza mwaka 1988, watu wakamcheka, akaamua kuendelea. Amegombea bunge la jimbo, bunge la taifa, hata urais. Amesimama dhidi ya vigogo kama Karunanidhi, Jayalalithaa, Vajpayee na Modi, na ameshindwa zaidi ya mara 200. Kwa kuwa sheria humrudishia fedha yake yule tu anayevuka moja ya sita ya kura, dhamana zimeliwa chaguzi nenda chaguzi rudi, na faida ya matairi imekwenda humo. Yeye husema anataka kuonyesha kwamba mtu wa kawaida anaruhusiwa kugombea, na kushinda hakumo kwenye mipango. Mwaka 2011, nyumbani kwake Mettur, watu 6,273 walimpigia kura.